Mdomo Ukimbie, Mwili Utulie

Mwaka 2000, katika ghuba ya Studland kusini mwa Uingereza, kijana mmoja alitembea ufukweni akiimba mbele ya kamera huku mvua ikimnyeshea. Alikuwa peke yake. Bendi nzima ya Coldplay ilipangwa kuonekana kwenye video ya wimbo "Yellow", lakini siku hiyo ikawa ndiyo siku ya mazishi ya mama wa mpiga ngoma wao, Will Champion. Mwimbaji wao, Chris Martin, akabaki na ufukwe, upepo na wimbo wake. Video yenyewe haina mkato hata mmoja. Tangu mwanzo hadi mwisho kamera haimwachi. Nywele zinapepea taratibu, mawimbi nyuma yake yanajikunja bila haraka, hatua zake zinagusa mchanga kama za mtu anayetembea ndani ya maji. Mdomo peke yake ndio haukuchelewa. Kila neno linatoka pale pale linaposikika.

Mtazamaji wa kawaida haoni ajabu yoyote hapo, na hiyo ndiyo sifa ya kazi iliyofanywa vizuri. Lakini akitulia kidogo atajiuliza: kama mawimbi yamepunguzwa mwendo, na mtu huyu yumo ndani ya picha hiyo hiyo, mbona mdomo wake haukupungua?

Siku ile Martin hakuimba "Yellow" kwa mwendo ambao watu wanaujua. Kamera ilikuwa inanasa fremu 50 kwa sekunde, wimbo ukapigwa kwa kasi maradufu, naye akaimba kwa kasi hiyo hiyo, mbio mbio, wimbo wa zaidi ya dakika nne ukamalizika kwa zaidi kidogo ya dakika mbili. Picha zilipokuja kuonyeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde, kila kitu kilipungua nusu: mvua, bahari, hatua na mdomo. Mdomo uliokuwa unakimbia mara mbili ukarudi kwenye mwendo wake wa haki. Vingine vyote vikabaki vya polepole.

Hesabu yote ndiyo hiyo, na haijawahi kubadilika. Video ni picha mnato, yaani fremu, zinazopita haraka mbele ya macho hadi ubongo ukaziona zinatembea. Sinema hutumia picha 24 kwa sekunde. Televisheni katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya hutumia 25. Marekani wamezoea 30. Ukinasa picha nyingi kuliko zile utakazoonyesha kwa sekunde, tukio linarefuka. Fundi wa kwanza kulipatia jambo hili hati miliki alikuwa padri, August Musger wa Austria, mwaka 1904. Wapenzi wa mpira wanaorudiwa bao kwa mwendo wa pole wanakula matunda ya kazi yake bila kumjua.

Muziki ndio unaoleta taabu, kwa sababu wimbo haukubali kurefushwa. Msanii akiimba kwa mwendo wa kawaida mbele ya kamera ya fremu 50, kisha picha ikapunguzwa nusu, atakuwa bado anafungua kinywa kwa neno la pili wakati spika imeshafika neno la nne. Kiitikio kitaanza naye yuko katikati ya ubeti. Ndiyo maana video nyingi zenye mwendo wa pole humwonyesha msanii akitazama mbali, akigeuza shingo au akitembea kimya. Mwongozaji amekwepa mdomo. Si dhambi, lakini ni kuacha sehemu tamu zaidi mezani, maana uso unaoimba katikati ya dunia iliyopunguza mwendo una nguvu ambayo uso uliofunga mdomo hauna.

Anayetaka kuupata uso huo anaanza na kugawanya. Achukue idadi ya fremu anazonasa, agawe kwa idadi ya fremu atakazoonyesha. Jibu ndilo linalosema wimbo ukimbizwe kiasi gani siku ya kushuti. Fremu 50 kwa 25 ni mara mbili, yaani asilimia 200. Fremu 30 kwa 24 ni asilimia 125. Fremu 36 kwa 24 ni 150. Fremu 60 kwa 25 ni 240, na hapo ulimi wa binadamu unaanza kulalamika. Fremu 120 kwa 25 ni 480. Mstari wa silabi 12 unaoimbwa kwa sekunde nne una silabi tatu kila sekunde. Ukiukimbiza kwa asilimia 480 msanii anatakiwa kutamka zaidi ya silabi 14 kwa sekunde moja. Hakuna anayeweza. Kwa hiyo zile fremu 120 na 240 ambazo simu za leo hujivunia zinafaa kwa maji yanayomwagika, vumbi na vitambaa, si kwa mtu anayeimba.

Katika zama za kanda, kuukimbiza wimbo kulikuwa na gharama nyingine. Waliowahi kumiliki redio kaseti wanakumbuka betri zikiisha: utepe unakokota na sauti ya mwimbaji inazama, mwanamke anakuwa mwanamume. Kinyume chake nacho ni kweli. Utepe ukizungushwa mara mbili, sauti inapanda oktava nzima, na mwimbaji mwenye sauti nzito anageuka mtoto wa katuni. Hivyo ndivyo wimbo ulivyosikika kwa kila aliyeshuti video za namna hii kwa kanda. Mfano maarufu wa miaka hiyo ni video ya "Wrapped Around Your Finger" ya kundi la The Police, ya mwaka 1983, iliyoongozwa na Kevin Godley na Lol Creme, watu wawili waliokuwa wanamuziki kabla ya kushika kamera. Sting, mwimbaji wa kundi hilo, anaonekana akizunguka katikati ya msitu wa mishumaa mirefu, nguo zikielea, miali ikiyumba, na mwishowe anaiangusha huku akipita. Yote ni ya polepole isipokuwa maneno. Pale studio wimbo ulikuwa unakwenda mbio, naye akaimba na kukimbia nao.

Leo programu za kawaida za muziki zinaweza kuukimbiza wimbo bila kuupandisha ufunguo, na msanii anasikia sauti yake mwenyewe, ila yenye haraka. Ni nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo imewadanganya wengi wakadhani kazi imekwisha hapo, wakati ugumu wenyewe uko mwilini mwa msanii.

Mtu akisikia muziki unaokimbia, mwili wake wote hukimbia. Kichwa kinatikisika haraka, mabega yanaruka, mikono inakata hewa. Ni tabia ya binadamu. Ngoma ikichanganya, miguu haimsubiri mwenye miguu. Sasa fikiria matokeo. Msanii aliyecheza mara mbili ya kasi yake, akipunguzwa nusu, anaonekana anacheza kawaida kabisa. Mdomo uko sawa, mwili uko sawa, na mwendo wa pole umeyeyuka. Mwongozaji amekodi kamera ya gharama, amechosha watu kutwa nzima, amepata video inayofanana na ile ambayo angeishuti kwa njia ya kawaida, isipokuwa ina kitu kidogo kisichoeleweka, kope zinazopepesa kivivu, mkufu unaoning'inia kwa uchovu.

Kinachotakiwa ni kutenganisha. Mdomo, ulimi na taya vifuate wimbo uliokimbizwa. Shingo, mabega, mikono na hatua vibaki kwenye mwendo wa mtu anayepunga upepo jioni. Jaribu mwenyewe ukiwa umekaa hapo: tamka maneno ya wimbo unaoupenda kwa kasi maradufu huku ukiinua mkono taratibu hadi begani. Mara tatu za mwanzo mkono utashtuka kila neno linapobanana. Baada ya mara kumi utaanza kutulia. Hilo ni zoezi la mwili, sawa na mpiga gitaa anavyozoeza mkono wa kushoto usifuate wa kulia, na halijifunzwi kwenye lokesheni jua likizama na jenereta ikinguruma.

Kuna jambo la pili ambalo wanaoongoza kazi hizi hulisisitiza: msanii aimbe kweli, kwa sauti, asichezeshe midomo tu. Anayeimba kwa sauti mishipa ya shingo inasimama, kifua kinapanda, mashavu yanajaa hewa. Anayeigiza bila sauti hukaa na koo lililolegea, na mwendo wa pole, ambao unaonyesha kila kitu kwa muda mrefu zaidi, unamuumbua.

Kiswahili nacho kina mambo yake. Lugha hii hufunga silabi zake nyingi kwa irabu, kwa hiyo mdomo hufunguka mara kwa mara, na irabu ndefu ya mwisho wa mstari hukaa usoni kwa muda. Hapo ndipo pa kupumzikia. Hatari iko kwenye herufi zinazofunga midomo: m, b, p na mb. Mtu akiimba "mpenzi", "mama" au "mbali", midomo lazima ikutane. Macho ya mtazamaji, hata kama hajui kusoma midomo, yanaisubiri mikutano hiyo. Mtu akikosea katikati ya "lala" au "naja" huenda pasitokee wa kugundua, kwa sababu l, n na j hutengenezwa ndani ya kinywa, mbali na macho. Akichelewa kufunga midomo kwenye "mpenzi", kosa limesimama uchi. Na mwimbaji anayekimbizwa kwa asilimia 200 hurahisisha hasa pale: anaruka kufunga midomo ili awahi irabu inayofuata. Mwongozaji makini hupiga mstari chini ya maneno hayo kwenye karatasi ya mashairi na kumzoeza msanii kuyatamka kwa ukamilifu, hata kama mengine yatapita kwa kuteleza.

Ubongo wenyewe hauna huruma katika jambo hili. Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kuwa mtu akitazama midomo inayotamka "ga" huku akisikia sauti ya "ba", wengi husikia "da". Jicho linaingilia sikio na kubadilisha kilichosikika. Kwa hiyo midomo isiyolingana na wimbo inaharibu zaidi ya picha. Inaondoa utamu wa sauti ambayo prodyuza alihangaika nayo wiki nzima.

Je, kosa la kiasi gani linaonekana? Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liliweka vipimo katika mapendekezo yake ya mwaka 1998 kwa ajili ya watangazaji. Sauti ikitangulia midomo kwa takriban milisekunde 45, watazamaji wanaanza kugundua. Ikichelewa nyuma ya midomo, wanavumilia hadi takriban 125. Tofauti hiyo inaeleweka: maishani sauti huchelewa kila siku. Ukimtazama mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka likitua kabla hujasikia kishindo. Sauti kutangulia tendo ni jambo ambalo dunia haijawahi kutuonyesha.

Msanii anayekimbizwa na wimbo hukosea kwa namna moja karibu kila mara: anachelewa. Midomo inakuja nyuma ya sauti, upande ule ule ambao macho hayana uvumilivu nao. Na mwendo wa pole unazidisha deni. Akichelewa milisekunde 40 siku ya kushuti, kiasi cha fremu moja ya televisheni, picha ikipunguzwa nusu kosa linakuwa 80. Pale lokesheni wote walisema kapatia, na walikuwa wakweli. Chumba cha kuhariri kinaona kitu kingine.

Spika nayo inahusika, na wengi hawaifikirii. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Msanii aliye mita 20 kutoka kwenye spika anausikia wimbo milisekunde 58 baada ya kutoka. Kama amesimama mahali pamoja si tatizo, mhariri atasogeza picha kidogo na mambo yatakaa. Lakini akianza mita 20 na kuja akitembea hadi mita mbili, ucheleweshaji unapungua hadi 6, na tofauti hiyo ya milisekunde 52 inageuka zaidi ya 100 picha ikipunguzwa nusu. Mwanzo wa tukio midomo imechelewa, mwisho imewahi, na hakuna sehemu moja ya kusogeza itakayotibu ncha zote mbili. Vivyo hivyo kwa waimbaji wawili, mmoja karibu na spika, mwingine kule nyuma. Dawa ni rahisi: spika ndogo itembee pamoja na msanii, au avae kisikilizio sikioni, upande ambao kamera haiuoni.

Mbinu hii haitumiki kwa urembo peke yake. Katika video ya "No Surprises" ya Radiohead, iliyoongozwa na Grant Gee na kutoka mwaka 1998, tunauona uso wa mwimbaji wao Thom Yorke ndani ya kofia ya kioo inayojaa maji. Anaimba hadi maji yanamfika mdomoni, kisha anazama kabisa, na kwenye skrini anakaa humo zaidi ya dakika moja kabla maji hayajatolewa naye kuendelea kuimba. Hakushikilia pumzi muda wote huo. Sehemu hiyo ilishutiwa kwa kasi ya juu ili dakika ya mtazamaji iwe fupi kwa aliyezama. Hapo hesabu ya fremu ilikuwa inalinda mapafu ya mtu.

Spike Jonze alipoongoza "It's Oh So Quiet" ya Björk mwaka 1995, ndani ya karakana ya matairi na mitaani, aliugawa wimbo kufuatana na hali yake. Sehemu za kunong'ona ziko kwenye mwendo wa pole. Kiitikio kinapolipuka, dunia inarudi kwenye kasi ya kawaida na watu wanacheza. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, haya ndiyo matumizi ya busara zaidi ya mbinu yenyewe. Mwendo wa pole umewekwa pale wimbo unapouomba, kisha unaondolewa kabla haujachosha. Video za Bongo Fleva ambazo zimemwagiwa mwendo wa pole tangu sekunde ya kwanza zingefaidika na somo hilo.

Kwa anayeshuti Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kuna jambo jingine, nalo linatoka kwenye nguzo ya umeme. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera ya fremu 50 yenye shuta ya sehemu moja ya 100 ya sekunde inakwenda sambamba na taa hizo na picha inatulia. Lakini kamera na simu nyingi huja na fremu 30, 60 na 120, mpangilio uliofuata umeme wa Marekani wa hezi 60. Shuti ndani ya ukumbi wenye taa za kawaida kwa fremu 60 na shuta ya sehemu moja ya 120, na picha itapumua: mwanga unapanda na kushuka, mistari myeusi inatambaa ukutani. Ukipunguza mwendo kasoro inaonekana vizuri zaidi. Kamera nyingi zina sehemu ya kubadilisha kwenda PAL, yaani mpangilio wa fremu 25 na 50, na hata baadhi ya simu zinayo. Ibadilishe kabla ya kutoka nyumbani. Jua la Mungu halina hezi, na huenda hiyo ni sababu mojawapo video nyingi za mwendo wa pole hupendeza zaidi ufukweni kuliko ukumbini. Sababu nyingine ni mwanga wenyewe: shuta ya sehemu moja ya 100 inaingiza nusu ya mwanga unaoingia kwa sehemu moja ya 50, kwa hiyo kilichotosha kwa mwendo wa kawaida hakitoshi tena.

Kisha kuna sauti ya kamera, au ukosefu wake. Kamera nyingi zikiwekwa kwenye mwendo wa pole hazirekodi sauti kabisa. Mhariri anapokea picha bubu za mtu anayepayuka haraka, bila kujua ni ubeti upi. Ndiyo maana kibao cha klapa hakijazeeka. Wimbo uliokimbizwa utanguliwe na milio mitatu au minne ya kuhesabu, mtu agonge kibao kwenye mlio wa mwisho mbele ya kamera, na mhariri atakuwa na pa kushika. Njia nzuri zaidi, kama kamera inaruhusu, ni kushuti fremu 50 za kawaida zenye sauti, kisha kuiambia programu ya kuhariri izisome kama 25. Sauti iliyonaswa na kamera, yaani ule wimbo wa mbio uliotoka kwenye spika, itapungua pamoja na picha na kurudi kwenye mwendo wa wimbo halisi. Mawimbi ya sauti mbili yanawekwa juu na chini, yanalinganishwa, kazi inaisha kwa dakika.

Hesabu ikivunjwa hapa, jasho lote la lokesheni linapotea. Kosa linalojirudia ni hili: wimbo umekimbizwa asilimia 200, kamera imewekwa fremu 60, mradi wa kuhariri ni wa fremu 25. Mhariri anapunguza picha kwa asilimia 50 na midomo inalingana, lakini sasa ana fremu 30 za kutia kwenye nafasi ya 25. Programu inatupa fremu moja kila baada ya tano, na picha inakwama kama daladala kwenye matuta. Akiiomba programu ibuni fremu za kujazia, inakisia, na kwenye midomo inayofunguka na kufunga haraka makisio hayo huyeyusha meno na kuchanganya ulimi na mdomo wa chini. Mtego mwingine ni wa polepole zaidi. Kamera inayosema 60 kwa kawaida hunasa 59.94. Tofauti ni moja kwa elfu, lakini katika tukio la dakika tatu lisilokatwa inafika milisekunde 180, na mwisho wa wimbo midomo imeachana na sauti ingawa mwanzoni ilikuwa imeshikana.

Si kila wimbo unaistahili kazi hii. Singeli, muziki uliozaliwa kwenye vitongoji vya Dar es Salaam, hufika mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na maneno yake hutiririka kwa kasi ambayo wasikilizaji wengi hawaifikii hata kwa masikio. Kuukimbiza mara mbili ni kumtesa msanii bure. Taarabu na nyimbo za mapenzi za mwendo wa taratibu ziko upande wa pili: mistari ina nafasi, irabu zinavutwa, mwimbaji husimama kwa staha na kuacha uso useme. Nguo ndefu, upepo wa bahari, mkono unaoinuka na leso, vyote vinaupenda mwendo wa pole. Wimbo wa mapigo 70 ukikimbizwa kwa asilimia 150 unakuwa wa mapigo 105, kasi ambayo mwimbaji yeyote aliyezoea kumbi anaimudu bila kuhema.

Kundi la OK Go la Marekani lilionyesha mwisho wa barabara hii mwaka 2016. Sehemu kubwa ya video ya "The One Moment" ilinaswa kwa sekunde 4.2 tu, rangi zikilipuka na vitu vikipasuka, kisha ikanyooshwa kuwa wimbo mzima. Katika sekunde nne hakuna mwanadamu anayeimba wimbo. Iliwabidi wapange mlipuko wa kila kitu kwa hesabu ili vitu vyenyewe vifuate mapigo, na kwa kitambo kifupi mwendo ukarudishwa kuwa wa kawaida ili uso wa mwimbaji uonekane ukiimba.

Binamu wa mbinu hii ni kwenda kinyume. Kwa video ya "The Scientist" ya mwaka 2002, inayosimulia tukio kutoka mwisho kuelekea mwanzo, Chris Martin yule yule alitumia takriban mwezi mzima kujifunza kuuimba wimbo huo kinyumenyume, ili picha ikigeuzwa maneno yatoke sawasawa. Mwezi mzima kwa wimbo mmoja. Mwaka uliofuata video hiyo ilipata tuzo tatu za MTV.

Muda huo ndio msanii wa hapa nyumbani ananyimwa. Mara nyingi anausikia wimbo wake uliokimbizwa kwa mara ya kwanza akiwa ameshavalishwa, ameshapakwa poda, kamera iko tayari na mwenye eneo anaangalia saa. Anajaribu mara mbili, anacheka, anakosea, na mwongozaji anaamua amgeuze atazame bahari. Kumsaidia hakuhitaji fedha. Mwongozaji akishachagua fremu, atengeneze wimbo wa kasi hiyo jioni ile ile na kumtumia msanii kwa simu wiki moja kabla, pamoja na mashairi yaliyopigiwa mstari kwenye kila m, b na p. Msanii asimame mbele ya kioo dakika kumi kila asubuhi, aimbe kwa sauti, na aangalie mabega yake.